Mkanda Mweusi Si Mwisho wa Safari

Tunapompongeza mwanafunzi wa karate kwa kupata mkanda mweusi, tusimwambie amehitimu. Daraja hilo la kwanza Wajapani huliita shodan, na "sho" maana yake ni mwanzo. Mwalimu Gichin Funakoshi wa Okinawa alitoa mikanda myeusi ya karate mwaka 1924, akifuata utaratibu wa Jigoro Kano, mwasisi wa judo.

Kwa maoni yangu, wa kusherehekewa zaidi ni wanaobaki. Wengine huvaa mkanda, wakapiga picha, kisha hawaonekani tena mazoezini. Anayerudi Jumatatu kurudia ngumi za msingi, na kumwelekeza mtoto wa mkanda mweupe, ndiye mhimili wa shule. Wazazi, msiulize tu mkanda utapatikana lini. Ulizeni mtoto amejifunza nini.