Mitaa 25,000 Kichwani

Anayetaka leseni ya kuendesha teksi nyeusi za London huketi mbele ya mtahini, akatajiwa pa kuanzia na pa kufikia. Kisha, bila ramani wala simu, anataja barabara moja baada ya nyingine, kila kona, kila kipilefti, mpaka afike. Mtihani huo huitwa Maarifa. Unadai mitaa ipatayo 25,000 iliyo ndani ya kilomita kama 10 kutoka Charing Cross, pamoja na maelfu ya hoteli, hospitali na kumbi. Wengi huusomea miaka mitatu au minne, wakizunguka jiji kwa pikipiki ndogo, ramani imebanwa kwenye usukani.

Eleanor Maguire, mtafiti wa University College London, aliona hazina kwa watu hawa. Mengi tuliyojua kuhusu kumbukumbu yalitoka kwa wagonjwa: ubongo umeharibika mahali fulani, daktari anatazama kilichopotea. Yeye alitaka wazima. Mwaka 2000, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya picha za MRI za madereva 16, zikilinganishwa na za watu 50 wasioendesha teksi. MRI hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio, si eksirei, kwa hiyo hakuna ubaya kumpiga picha mtu asiyeumwa, tena na tena.

Tofauti ilikuwa kwenye hipokampasi, kijisehemu kilichojikunja ndani ya ubongo, kimoja kila upande, ambacho jina lake la Kigiriki linamtaja farasi wa baharini. Kwa madereva, sehemu yake ya nyuma ilikuwa kubwa kuliko ya wengine, na ya mbele ndogo. Upande wa kulia, kadiri dereva alivyodumu kazini ndivyo ile ya nyuma ilivyozidi.

Habari ikazagaa duniani, na hadi leo hunukuliwa kana kwamba kesi ilikwisha. Haikuwa imekwisha. Picha ya siku moja haisemi kipi kilitangulia: huenda aliyezaliwa na hipokampasi ya namna hiyo ndiye anayevutwa na kazi hiyo. Au huenda ni foleni tu na kukaa kwenye usukani kutwa. Hili la pili lilipata jibu mwaka 2006, kwa ujanja ninaoupenda: madereva wa teksi waliwekwa kando ya madereva wa mabasi. Jiji lilelile, foleni ileile, ila basi halibadili njia. Tofauti ikabaki.

Lile la kwanza lilitaka subira. Maguire na Katherine Woollett waliwapiga picha wanafunzi 79 wa Maarifa wakiwa ndio kwanza wanaanza, na watu 31 wasiosomea. Ubongo wao haukutofautiana. Baada ya miaka mitatu hadi minne, 39 walikuwa wamefaulu, na kwa hao tu hipokampasi ya nyuma ilikuwa imeongezeka. Wenzao 20 walioshindwa walirudi kupigwa picha. Kwao hakukuwa na badiliko. Matokeo haya ya 2011 hayakuvuma kama yale ya kwanza, lakini kwangu ndiyo yenye uzito. Sisi tuliozoea kumbeza mwanafunzi kwamba “amekariri tu” tuna la kufikiri hapo.

Kilichoongezeka hasa ni nini? MRI haioni seli moja moja. Kila nukta ya picha hubeba maelfu ya seli kwa pamoja, kwa hiyo haiwezi kutofautisha seli mpya na matawi mapya ya seli zilezile.

Na ile hipokampasi ya mbele iliyokuwa ndogo? Katika utafiti wa mabasi, kila dereva alionyeshwa mchoro tata wa mistari, kisha baada ya muda akaombwa auchore bila kuutazama. Mwenye teksi, aliyebeba jiji zima kichwani, alishindwa na mwenye basi.