Kigali na Gharama ya Kusimama

Mwezi Januari 2025, serikali ya Rwanda ilisitisha kuandikisha pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria mjini Kigali. Sharti mpya ziwe za umeme. Sababu zake ni pamoja na hesabu ya mafuta. Petroli ya Rwanda huagizwa kutoka ng'ambo na kuvuka nchi jirani kabla ya kufika. Katika msongamano, injini huiteketeza pikipiki ikiwa imesimama. Kila breki inapofungwa, mwendo uliokwisha kulipiwa hugeuka joto, na mwendeshaji huununua upya. Mota ya umeme ikisimama haitumii karibu chochote. Mwenye pikipiki ya zamani naye aondoke taratibu, aachie mafuta mapema, na azime injini foleni ikikawia. Akiba hiyo ndiyo posho ya nyumbani kwake.