Paipu ya Breki Si Paipu ya Friji

Wako wenzetu wanaofufua magari ya zamani. Mmoja ana Land Rover aliyoachiwa na baba yake, mwingine ana Peugeot 404 iliyokaa chini ya mwembe miaka mingi. Ni kazi nzuri, maana gari la namna hiyo ni kumbukumbu ya familia. Injini hufunguliwa, viti hushonwa upya, rangi hupigwa. Kisha siku moja fundi anatoka uvunguni na kipande cha paipu kilicholiwa na kutu, anauliza: “Mzee, tuweke paipu gani?”

Kwa mkazi wa Tunduma, Vwawa au Mlowo, hilo si swali dogo. Barabara kuu itokayo Mbeya kwenda mpakani ina vilima na miteremko, tena imejaa malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Gari lililokosa breki hapo halina pa kukimbilia.

Tuanze na jinsi breki inavyofanya kazi. Unapokanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta kupitia paipu hadi kwenye magurudumu. Ukikanyaga kwa nguvu, msukumo ndani ya paipu unaweza kupita pauni 1,000 kwa inchi ya mraba. Upepo wa tairi la gari dogo ni kama pauni 30 tu. Isitoshe, magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1970 yana mfumo mmoja wa mafuta kwa magurudumu yote manne. Paipu moja ikipasuka, pedali inazama na unabaki na breki ya mkono. Marekani ilidai mfumo huo ugawanywe mara mbili kuanzia mwaka 1968, lakini gari la mwaka 1962 halikuwahi kuisikia sheria hiyo.

Sasa tutazame paipu zenyewe. Ya kwanza ni ya shaba tupu, ile kopa ya mafundi friji. Ni rahisi kupatikana, hukunjwa kwa mkono, haishiki kutu na inang’aa. Ndiyo maana wengi huikimbilia. Lakini kopa ina tabia moja mbaya: ikitikiswa muda mrefu hukakamaa, kisha hupata ufa. Chukua waya wa shaba uukunje na kuukunjua mara kadhaa, utaona unavyokatika. Wenzetu wa Ulaya huogopa zaidi chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Sisi hatuna theluji. Tuna mashimo na barabara za vumbi za Momba. Adui yetu mkubwa ni mtikisiko, na kopa ndiyo inayoshindwa na mtikisiko. Tena paipu ya friji haikuundwa kwa msukumo wa breki.

Ya pili ni ya chuma, ambayo magari mengi hayo yalitoka nayo kiwandani. Ile halisi imekunjwa tabaka mbili na kupakwa kinga ya kutu. Ina nguvu na bei yake ni ya wastani. Udhaifu wake ni kutu, hasa pale matope yanaponasa kwenye vibanio, kwa hiyo ioshwe na ikaguliwe kila baada ya masika.

Ya tatu ni ya shaba iliyochanganywa na nikeli, kwa kawaida shaba asilimia 90 na nikeli 10, pamoja na chuma kidogo. Rangi yake imepauka, si nyekundu kama kopa. Hukunjika kirahisi, haili kutu na huvumilia mtikisiko. Volvo waliitumia kwenye magari yao tangu miaka ya 1970. Bei yake iko juu, lakini kwa gari unalotaka kumwachia mwanao, hiyo ndiyo ya kutafuta. Ukiikosa, weka ya chuma. Ile ya chuma kisichoshika kutu ni ngumu, na bila mashine nzuri mdomo wake hauzibi sawasawa.

Paipu njema huharibiwa na ufundi mbaya. Mdomo wa paipu uchanuliwe kwa mashine yake, kwa umbo linalolingana na nati ya gari hilo. Ukichanuliwa mara moja tu kama wa friji, hautoshi. Mafuta nayo yawe ya breki, ya aina iliyotajwa na watengenezaji wa gari, kutoka kwenye kopo lililofungwa. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya maji hewani, na maji hayo huila paipu kutoka ndani.

Kazi ikiisha, mtu akanyage pedali kwa nguvu kwa dakika nzima, mwingine akikagua kila nati. Palipolowa pafunguliwe. Kisha gari lijaribiwe tambarare kabla ya kuupeleka mteremko.

Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa paipu ya breki, ufa hauzibwi kwa gundi wala kwa kuchomelea. Paipu hubadilishwa. Unaponunua ya bei nafuu, ukumbuke kwamba hujichagulii peke yako. Unamchagulia pia mama anayevuka barabara Mlowo na gunia la mahindi, ambaye hakuulizwa.