Kuchagua Chuo cha Kusomea Uhandisi

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha sita waliosoma Fizikia, Kemia na Hisabati hukabiliwa na uamuzi mzito: wakasomee uhandisi katika chuo kipi? Aghalabu uamuzi huo hufuata umaarufu wa jina la chuo au maneno ya ndugu na marafiki. Shahada ya uhandisi nchini Tanzania huchukua miaka minne, na aliyekosea kuchagua huenda asitambue kosa lake mpaka sehemu kubwa ya miaka hiyo imekwisha kupita. Kwa hiyo yafaa uamuzi huu ufanywe kwa njia ile ile itumikayo katika maabara, yaani kwa kupima na kulinganisha.

CHIMBUKO LA VYUO

Zamani uchaguzi wa namna hii haukuwapo. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu tangu 1963 hadi 1970, uhandisi ulifundishwa Nairobi, utabibu Makerere na sheria Dar es Salaam. Kijana wa Tanzania aliyetaka kuwa mhandisi hakuwa na budi kwenda Nairobi au ng'ambo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973.

Leo vyuo ni vingi, na kila kimoja kina chimbuko lake. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ilitokana na chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1957. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya nacho kilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, kikapata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, hufundisha uhandisi wa kilimo na wa umwagiliaji.

TAWI KWANZA, CHUO BAADAYE

Uhandisi una matawi mengi. Mhandisi wa ujenzi hushughulika na barabara, madaraja na majengo. Wa mitambo hushughulika na injini na mashine. Wa umeme hushughulika na uzalishaji na usambazaji wa nguvu za umeme. Mwanafunzi apendaye elimu ya maji na udongo atanufaika kidogo tu na chuo mashuhuri kisichofundisha mambo hayo. Hivyo tawi lichaguliwe kwanza, ndipo vyuo vinavyolifundisha vilinganishwe.

KUTAMBULIWA KWA SHAHADA

Jambo la pili ni la kisheria. Nchini Tanzania, mtu haruhusiwi kufanya kazi ya uhandisi kama mtaalamu pasipo kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi wa wahandisi wazoefu kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Msingi wa hatua zote hizo ni shahada inayotambuliwa na Bodi. Kwa sababu hiyo haitoshi chuo kuwa na ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu. Yapasa kuuliza pia kama shahada yenyewe inakubaliwa na Bodi. Swali hilo liulizwe kabla ya kujiunga, kwani baada ya miaka minne jibu lake haliwezi kumsaidia mwanafunzi.

KARAKANA NA HESABU YAKE

Jambo la tatu ni vifaa. Haitoshi kuambiwa kwamba chuo kina karakana. Lazima idadi ya mashine ilinganishwe na idadi ya wanafunzi. Mathalani, karakana ina mashine 6 za kukereza vyuma, na kipindi cha vitendo ni dakika 180. Darasa likiwa na wanafunzi 60, kila mashine itatumiwa na wanafunzi 10, na kila mmoja atapata dakika 18. Darasa likiwa na wanafunzi 24, kila mashine itatumiwa na wanafunzi 4, na kila mmoja atapata dakika 45. Kwa vipindi 15, mwanafunzi wa kwanza atakuwa ameshika mashine kwa saa 4 na nusu, na wa pili kwa saa 11 na robo. Mashine ni zile zile, lakini mafunzo si sawa.

Kadhalika mwanafunzi aulize kama chuo humsaidia kupata nafasi ya mafunzo ya vitendo viwandani wakati wa likizo, na kama ada, malazi na nauli viko ndani ya uwezo wa familia yake. Shahada inayokatishwa mwaka wa tatu kwa kukosa ada haimpi mtu usajili, hata chuo kingekuwa bora kiasi gani.

WAJIBU WA WALIMU

Walimu wa sayansi waweza kulifanya zoezi hili darasani. Wanafunzi wachore jedwali lenye vyuo vitatu au vinne, na mbele ya kila chuo waandike tawi linalofundishwa, hali ya kutambuliwa kwa shahada, idadi ya wanafunzi kwa kila mashine, na gharama. Panapokosekana jibu, waandike barua kwa chuo kinachohusika. Chuo kisichoweza kueleza idadi ya mashine zake kitakuwa kimewapa jibu la namna yake.