Ruta yenye ukuta-moto: namna ya kulinda mtandao wa nyumbani msimu wa korosho

Na Mwandishi Wetu, Masasi

Msimu wa korosho unapofunguliwa, kaya nyingi za Masasi na Newala hupokea malipo kupitia benki na simu za mkononi. Tangu msimu wa 2024/2025, minada ya zao hilo katika vyama vikuu vya ushirika, vikiwemo MAMCU na TANECU, imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kwa kuwa fedha na taarifa za mkulima sasa hupita mtandaoni, ulinzi wa intaneti ya nyumbani ni sehemu ya ulinzi wa mavuno.

Ukuta-moto ni kinga inayokaa kati ya intaneti na vifaa vya nyumbani. Mawasiliano yanayoanzishwa na vifaa vya ndani huruhusiwa. Yanayoanzishwa kutoka nje hukataliwa. Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 2016, pale programu hasidi iitwayo Mirai ilipoteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha.

Mwananchi anaweza kujitengenezea ruta ya aina hiyo kwa kompyuta iliyotumika, mradi iwe na matundu mawili ya waya wa mtandao. Tundu la kwanza huunganishwa na modemu ya mtoa huduma, na la pili na kisambaza Wi-Fi cha ndani. Programu za pfSense na OPNsense hupatikana bila malipo kwa kompyuta za biti 64, na OpenWrt hufaa kwa vifaa vidogo. Iwapo modemu nayo inasambaza Wi-Fi, huduma hiyo izimwe, vinginevyo simu zitaunganishwa nayo bila kupita kwenye ukuta-moto.

Gharama ya umeme izingatiwe mapema. Kompyuta inayotumia wati 60 ikiwaka usiku na mchana hutumia takribani uniti 43 kwa mwezi, ilhali kifaa kidogo cha wati 6 hutumia uniti 4 hivi. Kwa kaya inayonunua LUKU kidogokidogo, kifaa kidogo ndicho chenye nafuu.

Baada ya kuwasha, mambo manne yafanyike: kubadili nywila ya kiwandani, kufunga uwezo wa kuiendesha ruta kutoka nje, kuweka masasisho ya programu kila yanapotolewa, na kutenga mtandao wa wageni, ili simu ya jirani isifikie kompyuta yenye kumbukumbu za familia.

Hata hivyo, ukuta-moto una mipaka. Haulindi simu inayotumia kifurushi chake yenyewe, wala haumzuii mtu kumtajia tapeli namba ya siri ya akaunti yake. Wananchi wanakumbushwa kutotoa namba hiyo kwa yeyote anayepiga simu akidai kushughulikia malipo ya korosho.

Kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Atakayepokea ujumbe wa kitapeli kwenye simu anaweza kutoa taarifa kupitia namba 15040, na aliyeibiwa afike kituo cha Polisi kilicho karibu naye.