Je, Wajua? Sauti ya pikipiki hufia kwenye nyuzi

Sailensa nyingi zinazoundwa nyumbani zina vitu vitatu: bomba la ndani lenye matundu mengi, nyuzi za kioo zinazolizunguka, na ganda la chuma. Moshi hupita katikati moja kwa moja. Sauti huingia matunduni, ikasuguana na nyuzi, nguvu yake ikageuka joto. Nyuzi hizo huungua taratibu na kupeperushwa, kwa hiyo fundi makini hutanguliza nyuzi za chuma kuzunguka bomba, ndipo aweke za kioo, na hufunga kifuniko kwa ribiti ili aweze kujaza upya.

Injini ya tustroki, ile inayochanganyiwa oili na petroli, haitaki kubahatisha bomba la moshi. Bomba lake lililotuna hurudisha wimbi la msukumo kwenye silinda na kuzuia petroli isiyoungua isitoroke. Walter Kaaden, mhandisi wa kampuni ya pikipiki ya MZ ya Ujerumani Mashariki, aliliendeleza sana miaka ya 1950, na vipimo vya bomba hilo huathiri sana nguvu ya injini.

Na tafadhali, usichomelee bomba la mabati: moshi wa zinki inayolifunika huleta homa na kikohozi kikali saa chache baadaye.