Je, Mazoezi ya Ubongo kwa Kompyuta Huongeza Kasi ya Kufikiri?

Mwenye simu ya kisasa hakosi kukutana na matangazo haya: cheza mchezo huu dakika chache kila siku, akili yako itanoleka. Baadhi ya programu hizo hupakuliwa bure, kisha baada ya siku chache hudai malipo ya kila mwezi. Kabla mkazi hajalipia mzazi wake anayeanza kusahau, ni vyema ajue utafiti unasema nini.

Kasi ya kufikiri ni muda ambao ubongo huchukua kuona kitu, kukitambua na kuamua la kufanya. Hupungua kadiri umri unavyosonga. Ndiyo maana mzee anaweza kuiona bodaboda ikija, lakini akachelewa kuamua kama avuke barabara au asubiri.

Je, kasi hiyo inaweza kurudi? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Nchini Marekani, utafiti uitwao ACTIVE ulihusisha watu 2,832 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Kundi moja lilifunzwa mbinu za kukumbuka, la pili kufikiri kimantiki, la tatu kasi kwa kutumia kompyuta, na la nne halikupewa mafunzo. Kundi la kompyuta lilionyeshwa picha ya gari katikati ya skrini na nyingine pembeni, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mshiriki alitaja aina ya gari la katikati na mahali lile jingine lilipokuwa. Alipopatia, muda ulipunguzwa zaidi.

Matokeo yaliyotolewa 2002 yalionyesha kwamba baada ya takribani vipindi 10, asilimia 87 ya kundi hilo walikuwa wameongeza kasi. Miaka 10 baadaye, tofauti bado ilionekana.

Hata hivyo, walioongeza kasi hawakuboresha kumbukumbu. Zoezi lilijenga kile kilichozoezwa tu. Uingereza ilipata picha kama hiyo mwaka wa 2010, pale watu 11,430 walipofanya mazoezi kwa wiki sita: waliimarika katika michezo waliyocheza, si katika majaribio mengine ya akili. Na mwaka wa 2016, kampuni inayomiliki programu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwa matangazo ya kupotosha.

Uchambuzi wa 2017 ulidokeza kwamba waliofunzwa kasi katika ACTIVE walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa kiwango cha chini. Ni dalili ya kutia moyo, ila haitoshi kuuza programu kama kinga. Wala matokeo ya zoezi moja lililopimwa hayahusu kila mchezo ulio sokoni.

Hatari kubwa si pesa pekee. Mzee aliyeanza kuzubaa au kusahau huenda ana kisukari, upungufu wa damu, msongo wa mawazo, masikio yasiyosikia vizuri, au anatumia dawa zinazomlegeza. Mengi ya hayo hutibika, na mchezo wa simu hauyagundui. Mpeleke kwanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apimwe shinikizo la damu na sukari, na mbebe dawa zote anazotumia ili mhudumu azione. Akibadilika ghafla, mdomo ukapinda, mkono ukalegea au maneno yakakwama, hiyo ni dharura: apelekwe hospitalini mara moja.